Riwaya 'ngumu' na ugomvi wa Lukács na Brecht

MAJUZI mwalimu mmoja wa Kiswahili katika shule ya upili aliniuliza swali ambalo halijanitoka akilini. Alikuwa amewasomea wanafunzi wake kurasa za mwanzo za Nagona, riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi. Hawakuelewa kitu. Naye, kwa kauli yake mwenyewe, hakuambulia mengi.

"Kwani huyu bwana alikuwa anamwandikia nani?" akaniuliza. "Watu wana njaa, yeye anatuletea mafumbo ya akina Nietzsche. Huko si kuikimbia siasa?"

Nilitaka kumjibu papo hapo, nikajizuia. Swali lenyewe ni zito, na halikuzaliwa kwetu. Kati ya 1937 na 1938 liliwagawanya waandishi wa Kijerumani waliomkimbia Hitler, katika kurasa za Das Wort, jarida lililochapishwa Moscow. Waliokuwa wakibishana wote walikuwa wapinzani wa ufashisti, wengi wao wafuasi wa Marx. Waligombania nini basi? Waligombania sanaa ya avangadi, neno ambalo Wafaransa walilitoa jeshini: kikosi kinachotangulia mbele ya wengine. Hasa waliizungumzia ekspresheni, mkondo wa wachoraji na washairi waliovunja maumbo na sintaksia ili kuonyesha hofu ya ndani ya binadamu.

Georg Lukács, mwanafalsafa kutoka Hungaria, hakuwa na simile nao. Kwake, jamii ni kitu kizima chenye viungo vinavyoshikamana, hata kama machoni petu inaonekana vipandevipande. Mwandishi wa uhalisia kama Balzac au Thomas Mann huchimba chini ya vipande hivyo hadi avione viungo. Mwanaekspresheni hubaki juu, akililia vipande. Na kilio kisicho na maelezo, alidai Lukács, huwaandaa watu kumpokea dikteta.

Ernst Bloch alimjibu kwa swali ambalo mimi hulirudia kila mara: je, ikiwa uhalisi wenyewe umevunjika? Bertolt Brecht, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa jarida hilohilo, aliandika majibu makali zaidi. Alishikilia kwamba uhalisi hubadilika, na mbinu za kuusawiri hazina budi kubadilika nao. Kuandika kama Balzac katika karne isiyo ya Balzac si uhalisia, ni uigaji. Ajabu ni kwamba majibu hayo hakuyachapisha. Yalitoka baada ya kifo chake cha 1956.

Kuna kinaya kingine kichungu zaidi. Julai 1937, Wanazi walifungua Munich maonyesho ya sanaa waliyoiita potovu. Walitundika kazi zipatazo 650 walizozinyakua katika makumbusho ya umma, ili watu wazicheke. Kumbe mkondo ulioshtakiwa Moscow kwa kumwandalia Hitler njia, Hitler mwenyewe alikuwa akiutemea mate!

Wapo wanaochukua kisa hiki na kusema: mnaona, avangadi daima iko upande wa uhuru. Hapo natofautiana nao. Mchoraji Emil Nolde alikuwa mwanachama wa chama cha Wanazi, na bado kazi zake zaidi ya elfu moja zilinyakuliwa. Mshairi Gottfried Benn, mwanaekspresheni wa kutajika, aliupokea utawala huo kwa mikono miwili 1933. Marinetti, mwasisi wa futurizimu ya Italia, alimfuata Mussolini. Hata Martin Heidegger, aliyefundisha kwamba kazi ya sanaa huufunua ukweli, alijiunga na chama hicho 1933 akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg. Umbo jipya halimpi mtu cheti cha tabia njema. Umbo kongwe halimpi pia.

Turudi kwa Kezilahabi. Wanaosema aliikimbia siasa wanasahau kwamba aliwahi kuiandika kwa uhalisia ambao Lukács angeusifu. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinaitazama Ujamaa ikiingia vijijini, pamoja na nguvu na machozi yake. Kisha akaenda Wisconsin, Marekani, na mwaka 1985 akakamilisha tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, akiwa amepambana na huyohuyo Heidegger. Mwaka huohuo Nyerere akang'atuka. Mwaka uliofuata Tanzania ikatia saini mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Nagona ilipotoka 1990, hadithi ya taifa linalotembea moja kwa moja kuelekea ahadi fulani ilikuwa imemfia msimulizi mkononi.

Ungesimuliaje hapo? Ungeweka mwanzo, kilele na mwisho, kana kwamba hakuna kilichotokea? Mimi naona kuvunjika kwa ploti ya Nagona ndiko siasa yake. Bloch angeitambua haraka.

Hata hivyo, sitamtetea Kezilahabi kwa kila kitu. Brecht alitaka pia sanaa mpya ieleweke na umma mpana, na hapo ndipo mwalimu wangu ana hoja. Msomaji asiyemjua Nietzsche hupoteza mengi katika Nagona, na Mzingile (1991) haimhurumii hata kidogo. Linganisha na Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini hapa Kenya mwaka 1986. Walenisi yake (1995) nayo inautupa uhalisia: inampeleka Dzombo dunia nyingine kabisa. Lakini jina lenyewe, wale ni sisi, ni fumbo ambalo mtoto wa darasa la sita atalifumbua akicheka, halafu atajiuliza mbona wale wanaishi vizuri kuliko sisi. Huo ni ujasiri wa umbo uliobaki na mlango wazi.

Basi nilimwambia mwalimu aanze na Walenisi muhula huu, kisha arudi Nagona na wanafunzi walewale muhula ujao. Amekubali, ila anataka nije darasani siku hiyo ya pili.