Tausi katika Mashairi ya Mapenzi

Ni desturi ya watunzi wa Kiswahili kumwita mpenzi wa kike tausi. Jina ni tamu, lakini wengi hawamtazami ndege mwenyewe. Mwenye urembo ule ni dume. Jike lina rangi ya udongo, nalo ndilo lichagualo. Ule uitwao mkia ni manyoya marefu, zaidi ya 100, yaufunikayo mkia wenyewe ulio mfupi. Na kila mwaka, msimu wa kupandana upitapo, hupukutika.

Attar wa Nishapur, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 12, aliona mbali zaidi. Katika Mantiq al-Tayr, tausi wake alitolewa peponi kwa kushirikiana na nyoka, wala hatamani ila kurudi huko. Hudihudi humkemea kwa kuipenda nyumba na kumsahau mwenyewe. Hapo tausi ni nafsi ya mtu, si pambo.

Uzuri upukutikao, na jike lisilo na pambo lakini lenye hiari: hizo ni maana nzito kuliko sifa tupu. Istiara isiyotazamwa huwa mazoea, na asifiwaye kwayo hakusifiwa.