Hongera, Akina Mama wa Mabati

Vikundi vya akina mama vya kununuliana mabati ya kuezekea vilivuma Mkoa wa Kati, Kenya, katika miaka ya 1960, vikafika Nakuru pamoja na familia zilizohamia mashamba yaliyoachwa na walowezi. Akina mama walichanga hela za kibarua, maziwa na mboga. Mweka hazina akaandika jina na senti kwenye daftari la shule, na zamu ikifika, nyumba ya mwenzao ikavuliwa nyasi na kuezekwa mabati. Faida haikuishia kwenye paa lisilovuja. Mfereji uliteremsha maji ya mvua hadi kwenye pipa, na safari za mtoni zikapungua.

Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa 1952 chini ya wakoloni, kilifundisha kushona na malezi. Hesabu za lile daftari, ambazo naona ndizo somo kubwa zaidi, wengi walijifunzia kikundini. Lakini Voice of Kenya, idhaa ya serikali, ilipenda zaidi kuwatangaza akina mama hao wakimwimbia na kumchezea Rais Kenyatta.

Kama nyanya yako alikuwa mweka hazina, muulize daftari liko wapi, ili ulihifadhi.