Ngazi Kabla ya Zege

Ukitaka kujua kama fundi wa ghorofa ameiva, mwangalie siku anapoanza ngazi. Ukuta unanyooka kwa uzi, pima maji na subira. Ngazi inadai hesabu, na hesabu hiyo humalizwa kabla mbao ya kwanza haijakatwa.

Fundi ninayemsifu hapa anajenga Goba, Dar es Salaam. Nilimkuta akiichora ngazi nzima ukutani kwa penseli, kidato kwa kidato, na landingi pale inapogeuka. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu alipata mita 3.15, na alipima sakafu zitakazokanyagwa, yaani vigae vikiwa vimeshahesabiwa. Wengi huvisahau. Vigae vikishawekwa, kidato cha kwanza kinabaki na kimo chake na cha mwisho chake, na mguu hauna msamaha: ukishazoea vidato viwili vitatu unaacha kutazama, kisha kimoja kilichozidi sentimita mbili kinakuangusha na mtoto mgongoni.

Akagawa kwa 18, akapata kimo cha sentimita 17.5. Pa kukanyagia akapapa upana wa sentimita 28. Zidisha kimo mara mbili, jumlisha upana: 63, karibu sawa na hatua ya mtu mzima. Mfaransa François Blondel aliiandika kanuni ya namna hiyo katika karne ya 17. Fundi wetu aliirithi kwa aliyemfundisha kazi, na anaitumia bila kuandika popote.

Lakini kilichonishika hasa ni nondo. Pale kipande cha chini cha ngazi kinapoikuta landingi, fundi mchanga angeikunja nondo ya chini ifuate kona, na kwa macho ingependeza. Huyu haikunji. Nondo ya ngazi anaiacha ipande moja kwa moja hadi juu ya landingi, na ya landingi anaishusha ndani ya ngazi, zipishane. Sababu yake inaeleweka: uzito ukija, nondo ya chini huvutwa, na iliyokunjwa kwenye kona ile hutaka kunyooka, ikalisukuma zege la chini mpaka likabanduka. Akamwita saidia fundi aje aone. “Dogo, hapa usikunje hata siku moja.” Akakaza waya, akaitikisa nondo, akakaza tena.

Mbao zake nazo zina akili. Ile inayozuia uso wa kidato ameikata mshazari ukingo wa chini, ili mwiko upite chini yake na kulainisha pa kukanyagia mpaka ndani kabisa. Ni mkato mdogo sana, na bila huo kila kidato kingebaki na utepe wa zege linalokwaruza kwenye pembe.

Kumwaga kwenyewe ni kazi ya haraka. Wanaanzia chini wakipanda, zege likiwa zito kiasi. Likizidi maji linatiririka na kufurika juu ya vidato vya chini. Baada ya hapo ni magunia yaliyoloweshwa na kungoja. Bosi akitaka mirunda ya chini ya landingi itolewe mapema ikatumike kwingine, fundi hana mjadala. Anajibu kwa upole, “Bado, mzee,” kisha anamtuma dogo akachote maji.