"Ugonjwa wa Akili": Istilahi Moja, Maradhi Mengi

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizokwisha kukubalika nchini, "ugonjwa wa akili" inastahili kuhakikiwa upya, kwa kuwa inagusa maisha ya watu.

Sifa yake ni dhahiri. Maneno ya zamani yalibeba imani au lawama: "wazimu" lina ukoo na "mzimu", "majinuni", lenye asili ya Kiarabu, lina ukoo na majini, "punguani" humhesabu mtu kuwa kapungukiwa. Hata Mirembe, jina la hospitali ya Dodoma, limegeuzwa dhihaka mitaani. Istilahi hii ilimweka mwenye maradhi hayo katika safu moja na wagonjwa wengine, na jamaa yake, "afya ya akili", ikapewa Sheria Na. 21 ya mwaka 2008.

Kasoro imo katika neno "akili". Kwa msemaji wa Kiswahili, akili ni uwezo wa kufahamu na kupambanua. Huzuni na hofu hazikai humo, hukaa moyoni. Mchuuzi wa Kariakoo aliyekosa usingizi na hamu ya chakula kwa majuma mengi atasema "moyo wangu mzito" au "nina mawazo mengi". Akiambiwa kwamba ana ugonjwa wa akili, atasikia ameitwa kichaa, naye atakana, kwani hesabu za biashara yake anazijua barabara.

Mwanafunzi wa udaktari pale Muhimbili, mwendo mfupi kutoka Kariakoo, husomeshwa kwa Kiingereza, kisha humhoji mgonjwa kwa Kiswahili. Akiwa na istilahi hiyo moja tu, huenda "moyo mzito" akauandika kuwa maradhi ya moyo, au asiuandike kabisa.

Kwa hiyo neno "sonona", ambalo sasa latumiwa kutaja maradhi ya huzuni, lastahili kupendelewa. Latokana na kitenzi chenye maana ya kuumia moyoni, wala halina tusi. Yawezekana kupinga kwamba hata aliyefiwa husonona, hivyo neno halitengi maradhi na msiba. Hoja hiyo ni nzito, lakini dawa yake ni fasili: dalili zidumu kwa muda usiopungua majuma mawili, na zimzuie mtu kutenda kazi zake za kila siku.

"Ugonjwa wa akili" ibaki kuwa jina la jumla. Majina ya maradhi yenyewe, pamoja na fasili zake, yafundishwe wodini sambamba na yale ya Kiingereza. Mgonjwa asiyelitambua jina la ugonjwa wake hatarudi kutibiwa.