"Wanazidi Kuja": Lugha ya Kampeni na Makadirio ya Fedha katika California, 1994

Mhakiki wa lugha amezoea kuchungua tenzi, hadithi na tamthilia. Si mara nyingi huketi mbele ya tangazo la uchaguzi akalipima kwa mizani ile ile. Hata hivyo tangazo nalo ni utungo: lina mtunzi, lina wasikilizaji, na lina nia. Tena lina nguvu ambayo utenzi hauna, kwa kuwa maneno yake ya nusu dakika yaweza kuamua nani atatibiwa na nani atarudishwa mlangoni. Katika makala haya nataka kuchungua tangazo moja la namna hiyo, lililoonyeshwa katika televisheni mwaka 1994 katika jimbo la California, Marekani, wakati Gavana Pete Wilson alipoomba kuchaguliwa mara ya pili. Neno langu ni hili: upungufu wa fedha, ambao kisarufi haukuwa na mtenda, ulipewa mtenda na tangazo hilo; na sisi tunaohamisha habari za aina hii katika Kiswahili tumezoea neno moja ambalo laipiga kazi hiyo muhuri.

Kwanza yafaa tuitazame hazina yenyewe. Wilson alishika ugavana Januari 1991, uchumi wa jimbo ukiwa umekwisha kuanza kudorora. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha, na serikali ya shirikisho ilipunguza ununuzi wa ndege na silaha. Viwanda vya kusini mwa California, vilivyoishi kwa ununuzi huo, viliachisha kazi watu wengi. Kazi zilipopungua, kodi nazo zilipungua. Katika mwaka wake wa kwanza Gavana alikabiliwa na nakisi ya dola bilioni 14 hivi, akaiziba takriban nusu kwa kupandisha kodi na nusu kwa kukata matumizi na hila nyinginezo za hesabu. Kodi ya mauzo ilipandishwa, ikatiwa hata juu ya vitafunio, jambo lililozusha ubishi juu ya maana ya neno "kitafunio", mpaka wapiga kura wakaifuta kodi hiyo mwaka 1992. Mwaka huo huo Gavana na Bunge la jimbo walishindwa kukubaliana. Mwaka wa fedha ulianza tarehe 1 Julai pasipo makadirio, na kwa muda wa miezi miwili serikali ikawapa wadai wake hati za ahadi badala ya fedha. Makadirio yalitiwa sahihi tarehe 2 Septemba. Mwaka 1993 sehemu ya kodi ya majumba iliondolewa katika wilaya na miji ikapelekwa kwenye shule, ili hazina ya jimbo ipumue. Ada za Chuo Kikuu cha California zilizidi mara mbili katika miaka michache. Si ajabu, basi, kwamba katika kura za maoni za mwaka 1993 Gavana aliachwa nyuma kwa zaidi ya pointi 20 na Kathleen Brown, Mweka Hazina wa jimbo, binti na dada wa magavana wawili waliotangulia.

Sasa tuitazame sarufi ya hali hiyo. Mambo yote niliyoyataja yasemeka vizuri kwa kauli ya kutendeka: uchumi umevurugika, mapato yamepunguka, nafasi za kazi zimepatikana kwa shida. Kila aliyelea watoto aijua kauli hii. Mtoto hasemi, "Nimekivunja kikombe", asema, "Kikombe kimevunjika." Kauli ya kutendeka huonyesha hali na kumwacha mtenda nje ya mlango. Katika habari ya mdororo wa uchumi kauli hiyo si hila tupu; yasema kweli, kwa sababu hapana mtu mmoja aliyeukomesha uhasama wa mataifa makubwa ili fundi wa ndege apoteze kazi. Lakini hapo ndipo shida ya mgombea inapoanza. Mpiga kura mwenye njaa haridhiki na kitenzi kisicho na mtenda. Auliza, "Nani?" Na asipopewa jina, atamtaja aliye karibu naye, yaani Gavana.

Tangazo lilijibu swali hilo kabla halijaulizwa. Laonyesha picha isiyo na rangi, iliyopigwa kwenye kivuko cha mpaka cha San Ysidro: watu wanakimbia katikati ya magari, wakielekea kaskazini. Sauti ya mtangazaji yaanza kwa maneno matatu ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu ni "Wanazidi kuja." Kisha aeleza kwamba wahamiaji wasiofuata sheria katika jimbo ni milioni mbili, na kwamba serikali ya shirikisho haiwazuii mpakani ilhali yawalazimisha watu wa California kulipa mabilioni kwa ajili yao. Mwishoni Gavana mwenyewe atokea na kusema kwamba kwa ajili ya wale wafanyao kazi, walipao kodi na watiio sheria, yeye anaishtaki serikali ya shirikisho na anafanya juhudi kuwanyima watu hao huduma za jimbo.

Tuyapime maneno yale matatu. Kiwakilishi cha Kiingereza kilichotumika hapo huwafaa watu, wanyama na vitu pasipo tofauti, nacho kimewekwa mwanzo kabisa, pasipo nomino yoyote iliyotangulia. Msikilizaji hajaambiwa "akina nani". Adhaniwa kuwa awajua. Kiswahili hakina ulegevu huo wote. Yatupasa tuchague ngeli, na tukichagua "wa-" tumekwisha kukiri kwamba wajao wana uhai. Lakini tusijisifu upesi, maana kwa kiambishi hicho hicho twasema, "Nzige wanazidi kuja." Kitenzi nacho chataka uangalifu. Kiingereza chasema tu kwamba kuja hakukomi. Wazo la kuongezeka halikutamkwa, ila lasikika. Mfasiri aweza kuandika "hawaachi kuja" au "wanaendelea kuja", akawa mwaminifu kwa neno. Akiandika "wanazidi kuja" huwa mwaminifu kwa nia, kwa sababu "kuzidi" ni kitenzi cha maji ya mafuriko na cha homa ya mgonjwa. Nimechagua tafsiri hii ya pili ili kile kilichonong'onwa kisemwe wazi.

La kuangaliwa zaidi ni mgawanyo wa vitenzi. Wageni ndio wenye kitenzi cha kwanza: wanakuja. Serikali ya shirikisho ina vyake: haizuii, yalazimisha. Gavana atumia nafsi ya kwanza kwa vitenzi vya kukinga tu: ninashtaki, ninajitahidi kunyima. Vitenzi vya miaka minne ya makadirio havimo. Hakuna "nilipandisha", hakuna "nilikata", hakuna "tulichelewa miezi miwili." Makadirio ya fedha ni kazi ya kuchagua, na kila uchaguzi una mchaguzi. Machi 1994, mwaka huo huo wa kampeni, Gavana alitia sahihi sheria iliyompa mtu aliyerudia makosa makubwa mara ya tatu kifungo cha kuanzia miaka 25 hata maisha. Iwe njema au mbaya, ilikuwa ahadi ya matumizi ya miaka mingi, kwa kuwa mfungwa hulishwa, hulindwa na hutibiwa kwa fedha za umma. Katika jimbo lililolia ukata, huo ulikuwa uamuzi wa nini kitangulie, nao ulikuwa na mtenda anayejulikana kwa jina.

Neno jingine la tangazo lastahili kutazamwa kwa macho ya Kiswahili, nalo ni "walipao kodi". Katika Kiingereza kodi ya nyumba na kodi ya serikali ni maneno mawili yasiyojuana. Katika Kiswahili ni neno moja, na umoja huo, ingawa wenzetu wa fani ya uchumi huulalamikia, hapa watufunulia jambo. Mpangaji asiye na hati humlipa mwenye nyumba kodi; mwenye nyumba hutoa katika fedha hizo kodi ya serikali. Na mpangaji huyo akienda dukani kununua viatu, alipa kodi ya mauzo, ile ile aliyoipandisha Gavana mwaka 1991, wala mwenye duka hamwulizi hati. Tangazo liliwagawa watu wawe walipao na walao. Dukani wote walikuwa walipao.

Haki yataka niseme pia la upande wa Gavana. Mpaka ulikuwa mikononi mwa serikali ya shirikisho, na shule na hospitali zilikuwa mikononi mwa jimbo na wilaya zake. Aliyeamua hakuwa ndiye aliyelipa. Tena tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1982, katika shauri la Plyler dhidi ya Doe, jimbo halikuweza kuwafungia watoto hao milango ya shule. Gharama zilikuwa za kweli, na malalamiko juu yake yalikuwa halali. Vilevile Wilson alithubutu kupandisha kodi mwaka 1991 huku wengi wa chama chake wakinung'unika. Kosa ninaloliona si kuitaja gharama. Ni kuifanya gharama moja katika nyingi kuwa kiima cha sentensi nzima. Naye hakuwa mgeni wa habari hii: mwaka 1986, akiwa Seneta, alipigania masharti ya kuwapatia wakulima vibarua kutoka nje. Wakati huo nao walikuja, lakini kitenzi hakikutiwa hofu.

Pamoja na tangazo hilo Gavana aliunga mkono Pendekezo namba 187, lililotaka wasio na hati wanyimwe shule za umma, huduma za jamii na matibabu yasiyo ya dharura, na walimu na waganga wawataje wanaowashuku. Walioliandika waliliita kwa maneno matatu yenye maana ya "Liokoe Jimbo Letu", ambayo herufi zake za mwanzo katika Kiingereza ni S.O.S., ishara ya chombo kinachozama. Hapa tamathali imekamilika: jimbo ni chombo, wajao ni maji. Na aliyeko chomboni haulizi maji yana haki gani. Huyateka na kuyamwaga.

Tarehe 8 Novemba 1994 Wilson alishinda kwa asilimia 55 hivi za kura, na Pendekezo likapita kwa karibu asilimia 59. Mahakama ya shirikisho ililizuia mara moja, na baadaye sehemu zake kubwa zilitanguliwa. Mwaka 1999 gavana aliyefuata, Gray Davis, aliiacha rufani ya jimbo. Sehemu hizo, basi, hazikupata kutumika. Hata hivyo katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 uchumi wa California uliamka na hazina ikajaa, na watu hawakuacha kuja. Sidhani kwamba mhakiki aweza kupata ushahidi ulio bora kuliko huo juu ya sentensi iliyopewa kiima kisicho chake.

Sasa nirudi nyumbani, maana jambo hili latuhusu. Maneno ya Kiingereza yaliyotumiwa kuwataja watu hao hutafsiriwa katika magazeti yetu "wahamiaji haramu". Mwaka 2013 waonyesha vizuri tulipo. Mwezi Aprili shirika la habari la Associated Press liliwaagiza waandishi wake wasimwite mtu kwa sifa ya kuvunja sheria, bali sifa hiyo ielekezwe kwa kitendo. Mwezi Septemba ilianza katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita Operesheni Kimbunga, na "wahamiaji haramu" likawa neno la kila siku katika habari zake. Kiingereza kilikuwa kikilitua neno lake, nasi tulikuwa tukilibeba letu, lililo zito zaidi.

Nasema ni zito zaidi kwa sababu "haramu" si neno la kanuni za serikali tu. Asili yake ya Kiarabu ni kilichozuiwa na Mungu. Katika shina hilo hilo twapata "maharimu" na "haramia". Kwa desturi ya lugha yetu neno hili huambatana na vitendo na vitu: mali haramu, nyama haramu, pombe haramu. Likiambatana na mtu tangu kuzaliwa kwake huwa tusi, "mwanaharamu", ambalo humtia mtoto dosari ya kitendo asichokitenda. Kuvuka mpaka bila hati ni kosa la sheria. Lakini mtu akiitwa haramu, kosa limetoka katika miguu yake likaingia katika damu yake.

Najua nitajibiwa kwamba maana hufuata matumizi, na kwamba msomaji wa leo asomapo "haramu" katika gazeti huelewa "kinyume cha sheria" na hapiti hapo. Jibu hili lina nguvu, nami mwenyewe huwafundisha wanafunzi kanuni hiyo. Lakini kivuli cha neno hakifi wakati neno ndugu lingali hai, na "mwanaharamu" lingali hai katika kila mtaa. Tena hatulazimiki, kwa kuwa lugha yetu haina ukata. "Wahamiaji wasio na hati" na "walioingia bila kibali" ni maneno yaliyo wazi, mafupi ya kutosha kwa kichwa cha habari, nayo huliacha kosa mahali lilipotendeka.

Wilson alihitaji tangazo la televisheni ili mdororo wa uchumi uwe na sura za watu wakimbiao. Mwandishi wa Kiswahili hahitaji tangazo. Kivumishi kimoja chamtosha. Ndiyo maana yatupasa, kila makadirio ya fedha yasomwapo na kila mgombea asimamapo, tufanye kazi ndogo tuliyofundishwa katika darasa la sarufi: kukitafuta kitenzi, kisha kuuliza mtenda wake ni nani hasa.