Zombi Mezani pa Jane Austen: Juu ya Riwaya ya Mseto

Mhakiki aliyezoea kuuliza dhamira kabla ya kucheka huenda akakipita kitabu cha Seth Grahame-Smith, Pride and Prejudice and Zombies, bila kukifungua. Kitabu hicho kilitolewa Marekani mwaka 2009, na jalada lake linamtaja Jane Austen kuwa mwandishi mwenza, ingawa Austen alifariki mwaka 1817. Grahame-Smith ameitwaa riwaya ya Austen ya mwaka 1813, akaacha sehemu kubwa ya maneno yake kama yalivyokuwa, kisha akapenyeza humo wafu walao watu. Wapo watakaosema kwamba huu ni uchafuzi wa kazi teule. Hata hivyo, mzaha huu una kanuni zake, na pale zinapofuatwa mzaha wenyewe hugeuka kuwa uhakiki.

Kwanza hapana budi kuwatenga zombi wa aina mbili. Katika imani za Haiti, zombi ni maiti aliyefufuliwa kwa uchawi ili atumikishwe. Huyo ni ndugu wa ndondocha na msukule wanaosimuliwa kwa Kiswahili. Hutisha kwa sababu ni mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa uhuru. Filamu ya George Romero, Night of the Living Dead, ya mwaka 1968, ndiyo iliyoeneza sura ya yule wa pili: mfu asiye na bwana, mla nyama ya watu. Huyu hana siri wala kisa. Ni njaa tupu. Kwa hiyo aweza kutiwa katika hadithi yoyote, hata ya mabinti wa Kiingereza wanaotafutiwa wachumba.

Lakini zombi peke yake hachekeshi. Kinachochekesha ni rejista. Sentensi ya kwanza, ambayo kwa Austen inahusu bwana tajiri na haja yake ya mke, imegeuzwa ihusu zombi na haja yake ya bongo. Mizani ya sentensi haikuguswa. Mama Bennet anahangaika mabinti zake waolewe, naye mumewe anahangaika wasiliwe, na msimulizi anayataja mahangaiko yote mawili kwa utulivu uleule. Watu wanaumwa, wanazikwa, wanafufuka, na adabu za mezani zinaendelea. Laiti msimulizi angepaza sauti, kicheko kingekufa papo hapo.

Mahali ambapo kitabu kinafaulu zaidi ni katika kisa cha Charlotte Lucas. Katika riwaya ya Austen, Charlotte anaolewa na Kasisi Collins pasipo mapenzi, kwa kuwa anahitaji makao. Grahame-Smith anamfanya aolewe akiwa ameshaumwa na zombi. Matamshi yake yanaharibika, ulaji wake unageuka, na mumewe haoni lolote. Msomaji anacheka, kisha anatambua kwamba amesomewa upya jambo lililokuwamo tangu mwanzo: ndoa ya kutafuta hifadhi ni kufa polepole mbele ya mume asiyetazama. Wahakiki wengi wamelieleza hilo kwa kurasa nyingi. Mzaha umelieleza kwa kijiko kinachotetemeka.

Udhaifu nao upo, na unatokana na kusahau kanuni ileile. Darcy anapoposa mara ya kwanza, Elizabeth wa Austen anamkataa kwa maneno yanayokata kuliko upanga. Elizabeth wa Grahame-Smith, aliyefunzwa mapigano China, anampiga mateke. Kilichokuwa chini ya ulimi kimetolewa nje na kuwa ngumi, na kejeli imepotea. Kadiri mapigano yanavyoongezeka, ndivyo Austen anavyopungua, na mseto unabaki na chakula cha aina moja. Mwaka huohuo wa 2009 kilifuata Sense and Sensibility and Sea Monsters cha Ben H. Winters, na baadaye vingine vya mtindo huo. Lakini kuiga mtindo si kazi. Kazi ni kupata jozi inayofaa.

Basi swali la haki juu ya riwaya ya mseto si kama ina heshima, bali kama kiingizwacho kinafichua kilichokuwamo. Penye Charlotte, jibu ni ndiyo. Uhakiki usiojua kucheka hapo haujalinda hadhi ya Austen, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa mzaha. Umekosa tu kumsoma.