Nani Anastahili, Tangu Lini

Kabla mfumo wa mahudhurio haujahesabu hata saa moja, kuna mtu ameuelekeza: huyu alipwe saa za ziada, yule apewe likizo, mwingine asipangwe usiku. Ofisi nyingi humtwika kazi hiyo yeyote anayejua kompyuta. Mimi nauheshimu ufundi huu, na napenda kumtazama anayeujua akiufanya bila haraka.

Chukua likizo ya malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inasema mwajiriwa asiyetimiza miezi 6 kazini hana haki nayo. Mwenye pupa huishia hapo: huhesabu tangu tarehe ya mkataba, na ambaye hajafika humnyima. Fundi husoma mpaka mwisho. Wa msimu hafungwi na sharti hilo. Na aliyeajiriwa na mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja ndani ya mwaka hujumlishiwa vipindi vyake. Vikizidi miezi 6, anastahili. Basi mama aliyefanya miezi 4 kiwandani, akaondoka, akarudi kwa miezi 3, ana likizo yake, ingawa mfumo unaotazama mkataba wa mwisho tu utamwona mgeni. Fundi hurudi kwenye kumbukumbu, huziunganisha namba mbili alizopewa mtu mmoja, ndipo aandike kanuni.

Kwenye saa za ziada, hadanganywi na cheo. Sheria inawaweka kando wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. “Msimamizi” wa jina tu hulipwa mara moja na nusu kama wengine.

Kinachonigusa zaidi ni zamu ya usiku, saa 2 hadi saa 12 asubuhi. Mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapaswi kupangwa humo. Fundi mzuri huipa kanuni tarehe ya kuanza na ya kukoma, kisha humwonyesha mpanga zamu kwamba mtu huyo hapangiki, bila kumfunulia sababu.

Mwisho hubuni wafanyakazi wa majaribio, akiwemo mlinzi anayeingia jioni na kutoka alfajiri ya sikukuu, ambayo saa zake hulipwa mara mbili. Halafu huendesha mishahara ya mwezi uliopita kwa kanuni mpya na kuilinganisha na iliyolipwa, mstari kwa mstari. Jina moja likitofautiana kwa shilingi mia chache, haiwashi kanuni mpaka ajue kwa nini.